MAISHA YA RIDER HAGGARD, MTUNZI WA MASHIMO YA MFALME SULEMANI

  

Vijana wengi hapa kwetu Kisii na Nyamira wanapenda filamu za kauboi. Ukimwambia kijana kuna filamu ya mtu mwenye kofia pana, bastola kiunoni na farasi anayetimua vumbi, ataacha hata chakula mezani. Wengi hudhani hadithi za namna hiyo, yaani hadithi za watu wajasiri katika nchi ya mpakani ambako sheria haijafika, ni mali ya Marekani peke yake. Kumbe sivyo! Hadithi hizo zina ndugu yao aliyezaliwa Uingereza, akalelewa Afrika Kusini, akapita Lamu na Mto Tana, na mwishowe akavalishwa kanzu ya Kiswahili. Ndugu huyo ni hadithi za mwindaji Allan Quatermain. Baba mzazi wa hadithi hizo ni Sir Henry Rider Haggard, na leo nataka nikusimulie maisha yake tangu kuzaliwa mpaka kufa. Kisha nitasema ni kwa nini maisha ya Mwingereza huyo yanatuhusu sisi watoto wa Gusii.

UTOTO WAKE

Haggard alizaliwa tarehe 22 Juni 1856 huko Bradenham, katika jimbo la Norfolk, Uingereza. Alikuwa mtoto wa 8 katika jamii ya watoto 10. Baba yake, mzee William Haggard, alikuwa mwanasheria na mwenye mashamba. Alikuwa mtu wa sauti kubwa na hasira za karibu, na alipozungumza nyumba nzima ilijua. Mama yake, Bi. Ella, alikuwa mpole. Alipenda vitabu na alitunga mashairi.

Katika nyumba hiyo kulikuwa na mwanasesere wa matambara mwenye sura ya kutisha. Yaya alimtumia mwanasesere huyo kuwatisha watoto waliokataa kulala, na jina alilopewa lilimaanisha kwamba ni mwanamke ambaye amri yake haikataliwi. Haggard mdogo alimwogopa mno. Miaka mingi baadaye alilichukua jina hilohilo akampa malkia wa ajabu katika riwaya yake iitwayo She. Basi ndugu msomaji, usidharau mambo unayoyaogopa utotoni, pengine ndiyo mtaji wako wa kesho.

Shuleni jamaa huyu hakung'aa hata kidogo. Baba yake alimwona kuwa mzito wa akili, akaona ni hasara kumlipia karo kubwa. Ndugu zake walipelekwa katika shule zenye majina makubwa, yeye akapelekwa shule ya kawaida ya mjini Ipswich. Alipomaliza alijaribu mtihani wa kuingia jeshini, akaanguka. Akapelekwa London kujitayarisha kwa mtihani wa kufanya kazi katika Wizara ya Mambo ya Nje, lakini huo hata hakuufanya. Kwa hivyo akiwa na miaka 19 Haggard alikuwa kijana asiye na cheti cha kujivunia wala kazi. Wenzangu ambao mnashika mkia kila muhula, someni hapa kwa makini. Siwaambii muache kusoma hesabu, hasha! Nasema tu kwamba mlango mmoja ukifungwa, mwingine haukosi.

AFRIKA KUSINI

Mwaka 1875 mzee Haggard alipata habari kwamba Sir Henry Bulwer, mtu waliyefahamiana naye, alikuwa anakwenda Natal kuwa mtawala wa koloni hilo. Akamwomba amchukue kijana wake. Bulwer akakubali, lakini bila mshahara. Haggard akafunga virago, akapanda meli, akaiacha Uingereza.

Nyuma yake aliacha pia moyo wake. Alikuwa amempenda msichana mmoja aitwaye Lilly Jackson, pendo la kweli la ujana. Baadaye alipotaka kurudi nyumbani amchumbie, baba yake alimkatalia katakata mpaka kwanza apate kazi ya maana. Basi akavumilia. Siku moja ikaja barua kutoka Uingereza, na habari ilikuwa kwamba Lilly anaolewa na mwingine. Haggard hakulisahau jambo hilo maisha yake yote. Ukivisoma vitabu vyake utakuta mara kwa mara mtu anayempenda mwanamke mmoja tu, na kumkosa.

Huko Natal kijana huyu alianza kujifunza habari za Wazulu: desturi zao, historia ya wafalme wao, na masimulizi ya wazee. Mwishoni mwa mwaka 1876 alijiunga na msafara wa Sir Theophilus Shepstone uliokwenda Transvaal, nchi ya Makaburu. Mwezi wa Aprili 1877 Shepstone alitangaza kwamba nchi hiyo sasa ni ya Malkia wa Uingereza. Tarehe 24 Mei, siku ya kuzaliwa ya Malkia Victoria, bendera ya Kiingereza ilipandishwa mjini Pretoria, na Haggard alikuwa mmoja wa walioshika kamba na kuipandisha. Hakuwa bado ametimiza miaka 21. Mwaka uliofuata akafanywa msajili wa Mahakama Kuu ya Transvaal. Yule aliyeanguka mtihani!

Katika msafara huo alikuwako mzee mmoja wa Kiswazi, mrefu, mwenye kovu kichwani na shoka mkononi. Haggard alizoea kuketi naye na kusikiliza habari za vita vya zamani. Mzee huyo ndiye aliyegeuka baadaye kuwa Umslopogaas, shujaa wa Kizulu mwenye shoka la kutisha katika riwaya ya Allan Quatermain. Kwa hiyo mmoja wa mashujaa wakubwa wa Haggard hakutoka kichwani mwake tu. Alitoka kwa mzee Mwafrika aliyekubali kusimulia.

Mwaka 1879 Haggard aliacha kazi ya serikali, akanunua shamba karibu na mji wa Newcastle, Natal, pamoja na rafiki yake Arthur Cochrane. Walifuga mbuni, kwa sababu manyoya ya ndege hao yalikuwa na bei nzuri Ulaya. Alirudi Uingereza kwa muda, na mwezi wa Agosti 1880 akamwoa Louisa Margitson. Wakaja wote Afrika. Masikini, walifika wakati mbaya, kwani Makaburu walikuwa wameasi na vita vikawaka. Usiku mmoja baada ya mwingine walilala na bunduki karibu. Mwaka 1881 Waingereza walishindwa huko Majuba, na mazungumzo ya kurudisha Transvaal kwa Makaburu yakafanyika katika nyumba ya Haggard mwenyewe, maana alikuwa amewakodisha wajumbe. Bendera aliyoipandisha kwa mikono yake ikateremshwa, na makubaliano yakafanyiwa chini ya paa lake! Mwaka huohuo alifungasha mizigo, akarudi Uingereza na mke wake na mtoto wao mchanga wa kiume, waliyemwita Jock.

DAU LA SHILINGI 5

Kule Uingereza Haggard alisomea sheria. Usiku aliandika. Kitabu chake cha kwanza, kilichotoka mwaka 1882, kilihusu mfalme Cetshwayo wa Wazulu, na yeye mwenyewe ndiye aliyetoa pauni 50 kigharamiwe. Halafu akaandika riwaya mbili ambazo hazikuleta fedha za maana.

Siku moja alikuwa safarini na mmoja wa ndugu zake, wakazungumza juu ya Kisiwa chenye Hazina, riwaya ya Robert Louis Stevenson ambayo wakati huo ilikuwa gumzo. Haggard akasema haoni ajabu kubwa ndani yake. Ndugu yake akamcheka, akaweka dau la shilingi 5 kwamba hawezi kuandika hata nusu ya uzuri wa kile. Haggard akapiga moyo konde. Aliandika usiku baada ya kazi, na katika muda wa wiki 6 hivi akamaliza. Hicho ndicho King Solomon's Mines, ambacho sisi tunakijua kama Mashimo ya Mfalme Sulemani.

Wachapishaji kadhaa walikikataa. Mwishowe kampuni ya Cassell ikakubali, na ikampa hiari: achukue pauni 100 taslimu na kuwaachia kitabu, au alipwe mrabaha kwa kila nakala itakayouzwa. Haggard alikuwa karibu kuchukua zile pauni 100. Mkubwa wa kampuni alipotoka chumbani kwa dakika chache, karani mmoja aliyekuwa ameketi kimya pembeni akamnong'oneza achague mrabaha. Akamsikiliza. Kitabu kilitoka mwezi wa Septemba 1885, na katika mwaka wake wa kwanza kiliuza zaidi ya nakala 30,000. Neno moja la karani lilimfanya Haggard tajiri. Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende, nami naongeza kwamba anayemdharau karani hukosa mrabaha.

Kwa asiyekisoma, hadithi yenyewe ni hii kwa ufupi. Mwindaji Allan Quatermain, Sir Henry Curtis na Kapteni Good wanasafiri kumtafuta ndugu yake Sir Henry, ambaye amepotea akitafuta almasi za Mfalme Sulemani. Wanafuatana na mtumishi aitwaye Umbopa. Wanavuka jangwa karibu wafe kwa kiu, wanapanda milima yenye theluji, na wanafika nchi ya Wakukuana inayotawaliwa na Twala, mfalme katili, na mshauri wake Gagula, kikongwe mchawi. Kumbe Umbopa si mtumishi. Ni Ignosi, mfalme halali wa nchi hiyo! Vita vinapigwa, Twala anauawa, Ignosi anakalia kiti cha baba yake.

LAMU NA MTO TANA

Sasa tufike kwetu Kenya. Haggard alikuwa na kaka aliyeitwa Jack, ambaye alikuwa balozi mdogo wa Uingereza kisiwani Lamu katika miaka ya 1880. Kupitia kwa kaka huyo, Rider Haggard alipata habari za pwani yetu. Tena mwaka 1885 Joseph Thomson, yule msafiri aliyepita nchi ya Wamaasai mpaka ziwa Victoria, alitoa kitabu cha safari yake. Haggard alikisoma. Kwa habari hizo za mkono wa pili alitunga riwaya ya Allan Quatermain, iliyotoka mwaka 1887, na sehemu yake ya kwanza yote inatokea katika nchi ambayo leo ni Kenya. Wakati anaiandika hakuwa amekanyaga hapa hata siku moja.

Safari inaanzia Lamu. Quatermain na wenzake, pamoja na Umslopogaas, wanapanda Mto Tana kwa mitumbwi mpaka misheni ya Mskoti mmoja aitwaye Mackenzie. Wamaasai 250 wanamteka Flossie, binti mdogo wa Mackenzie, na alfajiri kina Quatermain wakiwa na watu wachache wa misheni wanawavamia katika zizi walimolala. Ni vita vya kusisimua, mtu hawezi kuweka kitabu chini. Baadaye wanaelekea upande wa Mlima Kenya, wanavutwa na mto unaopita chini ya ardhi, na kutokea nchi ya watu weupe waliofichika. Huko ndiko Umslopogaas anakufa akilinda ngazi peke yake na shoka lake, na Quatermain naye anafariki.

Kuna jambo moja la kutisha. Mwaka 1886, Haggard akiwa ameshaandika sehemu ile ya misheni, misheni ya kweli ya Wamethodisti huko Golbanti, kwenye Mto Tana wa kweli, ilivamiwa na Wamaasai. Mmisionari John Houghton na mkewe wakauawa. Haggard aliposikia aliingiza maelezo mafupi kitabuni kuwajulisha wasomaji.

MSIBA

Riwaya ya Allan Quatermain inaanza na msiba. Quatermain amempoteza mwanawe wa pekee, Harry, na ndiyo sababu anaamua kurudi porini. Haggard alikitunukia kitabu hicho mwanawe mwenyewe, yule Jock, kwa matumaini kwamba yeye na vijana wengine watakisoma.

Mwaka 1891 Haggard na mkewe walikwenda Mexico, wakamwacha Jock kwa marafiki Uingereza. Wakiwa huko mbali walipokea habari kwamba mtoto amefariki kwa surua. Alikuwa na miaka 9 tu. Yale aliyomwandikia Quatermain yalimpata yeye. Alirudi nyumbani akiwa amevunjika, na inasemekana kwa miaka mingi jina la mtoto huyo halikutajwa nyumbani mwake. Alikuwa na mabinti, na wa mwisho, Lilias, alizaliwa mwishoni mwa mwaka 1892. Ni huyo Lilias ambaye baadaye aliandika kitabu juu ya maisha ya baba yake. Lakini mtoto mwingine wa kiume Haggard hakupata.

Hata hivyo hakuacha kalamu. Mwaka 1892 ilitoka Nada the Lily, riwaya ambayo wahusika wake karibu wote ni Wazulu, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwa mwandishi Mzungu wa enzi ile. Kwa jumla aliandika riwaya zaidi ya 50.

MKULIMA NA MTUMISHI WA SERIKALI

Watu wengi hawajui kwamba Haggard alikuwa mkulima hodari. Aliishi Ditchingham, Norfolk, akilima na kufuga. Alipoona vijana wa Uingereza wanayakimbia mashamba kwenda mijini, alizunguka majimbo mengi ya Uingereza akiwahoji wakulima, na mwaka 1902 akatoa kitabu kikubwa kiitwacho Rural England. Sisi ambao wazazi wetu wanategemea chai, ndizi na mahindi tunaelewa uzito wa kazi hiyo. Mwaka 1895 aligombea ubunge, akashindwa kwa kura chache. Mwaka 1912 alipewa heshima ya kuitwa Sir, hasa kwa sababu ya kazi zake za kilimo na tume za serikali.

Mwaka 1905 alitumwa Marekani kikazi, akakutana na Rais Theodore Roosevelt. Hapa ndipo ndugu wawili wa hadithi wanapokutana. Roosevelt alikuwa amefuga ng'ombe katika nyika za Dakota na aliandika historia ya Wazungu walivyoingia magharibi mwa Marekani. Rafiki yake Owen Wister ndiye aliyetoa The Virginian mwaka 1902, riwaya inayohesabiwa kuwa mzazi wa riwaya za kauboi, na alimtunukia Roosevelt. Miaka 10 baadaye Zane Grey, aliyekuwa daktari wa meno, akatoa Riders of the Purple Sage, na kauboi akaenea dunia nzima. Naye Roosevelt mwaka 1909 alishuka Mombasa, akapanda treni, akaja kuwinda simba katika Kenya ileile aliyoichora Haggard.

Haggard alifariki London tarehe 14 Mei 1925 akiwa na miaka 68. Majivu yake yalizikwa katika kanisa la Ditchingham.

HADITHI ZAKE KATIKA KISWAHILI

Miaka 4 baada ya kifo chake, yaani mwaka 1929, Mashimo ya Mfalme Sulemani ilitoka kwa Kiswahili, kwa kazi ya Frederick Johnson, mtaalamu wa lugha. Katika miaka ya 1930 akafuata Hadithi ya Allan Quatermain. Vitabu hivi, pamoja na Kisiwa chenye Hazina, vilisomwa shuleni Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Vijana wa wakati ule hawakuwa na riwaya nyingi za Kiswahili, kwa hiyo wengi walionja utamu wa riwaya kwa mara ya kwanza kupitia kwa Haggard. Watengenezaji wa filamu wa Marekani nao walileta kamera zao Afrika Mashariki na kupiga picha za filamu ya kitabu hichohicho, iliyotoka mwaka 1950.

SISI NA HAGGARD

Sasa nifike kwenye kiini. Mchukue Quatermain, mvike kofia ya kauboi. Badala ya nyika ya Tana weka jangwa la Arizona, na badala ya Wamaasai weka Waapache. Hadithi inabaki ileile! Mzungu mmoja anayajua mapori kuliko wote. Wenyeji ni wa aina mbili tu, mwema anayemsaidia mgeni na adui anayeuawa kwa makumi. Msichana mwenyeji akimpenda mgeni, lazima afe kabla kitabu hakijaisha. Ndivyo ilivyokuwa kwa Foulata, msichana wa Kikukuana aliyempenda Kapteni Good. Anauguza, anaokoa, halafu mtunzi anamwua, na Quatermain anaona ni afadhali hivyo. Hapo mimi nilikasirika kweli. Na ile alfajiri ya Tana, msomaji hujikuta anashangilia Wamaasai wakifyekwa, bila kuuliza majina yao. Mtunzi hakuwapa majina.

Kuna wanafunzi wenzangu wanaosema kwamba vitabu kama hivi viondolewe maktabani, maana vinatutukana. Wengine wanasema ni hadithi tu, tustarehe. Mimi sikubaliani na pande zote mbili. Ukisoma Mashimo ya Mfalme Sulemani hadi mwisho utakuta jambo ambalo filamu huwa haliwekei uzito. Ignosi akiisha kuwa mfalme anawaaga marafiki zake kwa heshima, lakini anawaambia kwamba hataruhusu wafanyabiashara wala wahubiri wa Kizungu waingie nchini mwake na bunduki na pombe zao. Anayesema hivyo ni Mwafrika, na aliyemwandikia maneno hayo ni mtu aliyepandisha bendera Pretoria. Nadhani moyoni Haggard alijua kitu kuhusu bendera ile. Kitabu kikichomwa, na neno la Ignosi linaungua pamoja nacho.

Sasa tazama yaliyotokea hapa. Kitabu kilitoka mwaka 1885. Mwaka 1905 jeshi la Waingereza lilikuja Gusii kwa mara ya kwanza kutuadhibu, na watu wetu wengi wakafa kwa risasi wakiwa na mikuki na ngao. Mwaka 1907 kituo cha serikali kikafunguliwa Kisii. Mwezi wa Januari 1908 kijana Otenyo, akitiwa moyo na Moraa, mama mtabiri, alimchoma mkuki afisa Northcote. Jeshi likarudi, vijiji vikachomwa, ng'ombe wakachukuliwa. Otenyo akakamatwa na kuuawa. Northcote alipona, akapanda vyeo mpaka mwaka 1937 akawa Gavana wa Hong Kong. Je, hiyo si hadithi ya nchi ya mpakani? Ina shujaa, ina mtabiri, ina mkuki na bunduki, ina ng'ombe. Tofauti ni kwamba Ignosi wa kitabuni alipata kukalia kiti chake, na Otenyo wa kweli hakupata.

Hata makauboi tulikuwa nao. Zamani vijana wa Gusii ambao hawajaoa waliishi katika ebisarate, maboma ya ng'ombe, wakilinda mifugo usiku na mchana dhidi ya majirani waliokuja kuteka, na wao pia walikwenda kuteka. Serikali ya Waingereza ilizivunja ebisarate hizo muda mfupi kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kijana wa ebisarate alijua nyayo, mwezi, upepo na jina la kila ng'ombe. Lakini vijana wangapi darasani wanaweza kueleza ebisarate ni nini? Wakiulizwa habari za kauboi, darasa zima litanyoosha mikono.

Wenzetu wengine walishaanza kujibu. Sol Plaatje wa Afrika Kusini alitoa riwaya ya Mhudi mwaka 1930, akaisimulia nchi ileile ya vita na misafara kwa jicho la Mwafrika, na mwanamke Mwafrika ndiye shujaa wake. Kwetu Afrika Mashariki, Muhammad Said Abdulla wa Zanzibar alitoa Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, riwaya ya upelelezi iliyojaa Kiswahili kitamu na watu wa visiwani.

Kwa hivyo ombi langu kwa wanachama wa Kiswahili ni hili. Haggard hakuzaliwa na hadithi. Aliketi karibu na mzee mwenye shoka, akasikiliza, kisha akaandika usiku akiwa amechoka. Sisi wazee tunao nyumbani, na wengine waliambiwa na babu zao habari za mwaka 1908, lakini kila mwaka tunawazika wakiwa na masimulizi yao kifuani. Likizo hii kila mmoja achukue daftari, aende kwa babu au nyanya, amwulize habari za ebisarate, za Moraa, za milima ya Manga, kisha aandike. Tukirudi muhula ujao tuyaweke pamoja, na jarida la mwaka ujao liwe na kurasa za hadithi hizo.

Vitabu vya Haggard navyo tuvisome. Ila tukifika pale alfajiri kwenye Mto Tana, tusimame kidogo, tuulize wale 250 walikuwa ni akina nani, na mama zao waliwaita kwa majina gani.